Kwa Hollis, Aliyemrudisha Mjukuu Wetu Rumande

Nyumba Na. 6231,
Mtaa wa Langley Kusini,
Chicago, Illinois.
Alhamisi, 6 Machi 2025.

Mpendwa ndugu yangu Hollis,

Nimeliandika neno "mpendwa" kisha nikalitazama kwa muda mrefu. Nimeliacha libaki, kwa sababu Mama alitufundisha kwamba barua huanza kwa heshima hata kama anayeandikiwa hana yake.

Natumaini itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Lucille. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Lucille aliniambia kabla ya Krismasi kwamba siku hizi unapanda ngazi za mahakama huku umeshika ukuta. Pole sana. Na sukari nayo? Nasikia umeacha soda lakini chai unakunywa vile vile, na sukari vijiko vinne.

Mimi ni mzima. Mwezi wa Januari walinitoa mtoto wa jicho la kulia, na sasa nasoma herufi ndogo bila kioo cha kukuzia. Nakutajia hili kwa sababu nimeusoma mkataba wako. Nimeusoma wote, pamoja na yale maandishi ya nyuma ya karatasi, madogo kama mayai ya chawa, ambayo najua hakuna mteja wako aliyewahi kuyasoma.

Theluji hapa inayeyuka. Mtaani kwetu kuna matope, na jirani yangu wa juu ameanza tena kuimba anapooga. Hayo ndiyo mema yangu. Mengine yote ni juu yako.

Leo ni siku ya thelathini na moja tangu umrudishe Keyonna rumande. Naandika "umrudishe" na sibadili. Polisi walimkamata mara moja tu, tarehe nane Januari, kwa sababu bangili ya mgonjwa mmoja ilipotea katika nyumba ya wazee anamofanya kazi. Mara ya pili, tarehe nne Februari, aliyempeleka pale jela ni wewe, mdhamini wake, ndani ya gari lako, ukiwa umevaa kofia yako ya kanisani. Mlinzi alidhani umekuja kutoa mtu.

Nakukumbusha Keyonna ni nani, maana inaonekana umesahau. Ni mjukuu wa marehemu dada yetu Ruby Nell. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa darasa la tisa. Ana binti mmoja, Nyla, wa miaka minne. Wewe anakuita Babu. Mimi ananiita Bibi, ingawa ameniona mara sita tu maishani mwake. Nimezihesabu.

Sasa niseme kosa langu, ili usije ukadhani naandika kama mtu asiye na doa.

Hakimu alipoweka dhamana ya dola elfu kumi mwezi wa Januari, Mchungaji Althea Munn alinipigia simu kutoka huko nyumbani. Unamjua vizuri, na najua humpendi, kwa sababu kanisa lake lilianzisha mfuko wa dhamana mtaa mmoja na ofisi yako. Aliniambia mfuko una fedha, lakini nyingi bado ziko mikononi mwa mahakama kwa ajili ya watu wengine waliodhaminiwa. Kesi mbili zingekwisha wiki ile, karani angerudisha fedha, na wao wangemtoa Keyonna. "Nipe siku nne, Mama Ozella," alisema. "Tano zikizidi sana."

Sikumpa. Nilifikiri juu ya mtoto akilala siku nne kwenye godoro la plastiki, nikasema, ya nini kuwasumbua watu wa kanisa wakati tuna mtu wetu wa damu mwenye biashara ya kudhamini watu? Nilimwambia Keyonna, "Mpigie babu yako." Nilikutumia ada yako ya sehemu ya kumi, dola elfu moja, kupitia benki siku ile ile, ukamtoa. Nilijua vizuri kwamba fedha apewayo mfanyabiashara wa dhamana hairudi, hata mtuhumiwa akionekana hana hatia, hata kesi ikifutwa kesho yake. Kwa miaka miwili hapa Chicago nilisimama kwenye ngazi za mahakama nikiwaambia kina mama wa watu wasiende kwa wauzaji wa dhamana, wangoje mfuko. Ilipofika zamu ya mtu wangu mwenyewe, nikampeleka kwa muuzaji, kwa kuwa muuzaji alinyonya ziwa moja na mimi.

Kosa hilo ni langu. Lakini yaliyofuata ni yako.

Nilikupigia simu tarehe tano Februari. Nayaandika hapa tuliyosemezana, kwa sababu Lucille ameniambia unasimulia huko kwamba nilikutukana. Sikukutukana. Nilikuuliza kwa nini umemrudisha.

"Dada, mtoto amevunja mkataba," ulisema. "Kila Jumanne apige simu ofisini. Jumanne mbili hakupiga. Halafu amehama nyumba bila kuniambia."

"Amehamia wapi?"

"Kwa yule mchungaji wenu."

"Kutoka ofisini kwako mpaka nyumba ya mchungaji ni hatua ngapi, Hollis?"

"Sijazipima."

"Mtaa ule mimi niliupima nikiwa mtoto. Ni nyumba ya tatu baada ya kinyozi. Ungefungua dirisha ukapiga mluzi, angekuitikia."

"Usinifundishe kazi yangu. Umekaa huko miaka sitini unanusa vitabu."

"Hamsini na minane."

"Haya, hamsini na minane! Huku hukujui tena. Watu wanakimbia, Dada. Wakikimbia, mahakama inanidai mimi."

"Na huyu amekimbilia nyumba ya tatu?"

Ukakata simu. Nikakaa nimeishika mkononi kama mtu aliyefungiwa mlango.

Zile Jumanne mbili alipiga. Mchungaji Althea ameiona simu ya Keyonna, na namba yako imo, saa nne asubuhi, saa nne na dakika kumi, saa sita. Iliita bila kupokelewa. Mimi sisemi uliiacha iite makusudi. Nasema kwamba mkataba wako, upande wa nyuma, kifungu cha kumi na moja, unasema mdhaminiwa akirudishwa jela kwa kosa la kutopiga simu, kampuni inajitoa katika dhamana na ada inabaki nayo. Hakuna kifungu kinachosema kampuni lazima ipokee simu. Uliitunga mwenyewe karatasi hii, au uliinunua ikiwa tayari?

Nataka niwe mwenye haki kwako, hata nikiwa na hasira. Nakumbuka mwaka 1984 ulipofungua ofisi. Wauzaji wa dhamana wa mji ule walikuwa wazungu wawili, na mtu mweusi alipowaendea walimwambia arudi na mwajiri wake. Wewe uliwapokea watu wetu wakiwa na pete ya ndoa ya kuweka rehani, au cherehani, au bila kitu, ukawatoa. Nilijivunia. Niliwaambia wenzangu wa maktaba kwamba mdogo wangu anafungua milango ya jela. Nilisema hivyo kwa sauti, pale ambapo sauti hairuhusiwi.

Lakini mtu anayelipwa kila mlango unapofunguliwa huanza kutamani milango iwe mingi. Mwaka juzi ulikwenda Montgomery, kwenye bunge la jimbo lenu, pamoja na wauzaji wenzako kupinga mswada wa kuwaachia watu wa makosa madogo bila fedha. Lucille alinitumia picha yako kwenye gazeti akidhani nitafurahi. Umevaa tai nyekundu. Chini ya picha umeandikwa ukisema kwamba maskini asipoweka fedha hana sababu ya kurudi mahakamani.

Hapa kwetu hawaweki fedha tena. Tangu Septemba 2023 hakimu wa Illinois anaamua mtu akae ndani au atoke, na fedha za mtu hazimo katika hesabu hiyo. Sikwambii kwamba kila kitu kimekuwa sawa, maana mahakimu ni wale wale. Lakini kikundi chetu kidogo cha dhamana, wanawake tisa na mzee mmoja mstaafu wa reli, tulikifunga kama duka lililokosa wateja. Tulikata keki. Mzee wa reli alilia. Kabla ya hapo tulikuwa tumetoa watu mia mbili na kumi na mmoja, na hatukumuuliza hata mmoja kama alitenda. Tulimuuliza anakaa na nani, ana usafiri gani wa kwenda mahakamani, na tumkumbushe kwa simu au kwa ujumbe. Waliokosa kufika walikuwa kumi na wanne. Sita kati yao walikuwa hospitali, na mmoja alikuwa amekufa. Hawakuwa na senti yao hata moja pale, Hollis, na walirudi.

Ungemwona Bwana mmoja aliyeitwa Desmond, fundi bomba, aliyetolewa na sisi Jumatano, akaja Ijumaa kutengeneza sinki langu bila kuitwa. "Mama, hamkuniuliza kitu," alisema akiwa chini ya sinki, miguu tu inaonekana. "Basi na wewe usiniulize bei." Nilimpa chakula. Alisema maharage yangu hayana chumvi.

Sasa nije kwenye shamba.

Mwaka 1965 ulikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Ulikamatwa kwenye maandamano ya kudai kura pamoja na vijana wengine kumi, ukiwa na suruali ya shule. Sherifu alitaka dhamana ya kila mmoja, na hakuna benki katika kaunti ile iliyotaka kutujua. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mama alivaa kofia yake ya kijivu, akachukua hati ya ekari thelathini na nane, akaenda mahakamani kwa miguu. Nilikwenda naye. Karani alimwita kwa jina lake la kwanza, kama mtu anavyomwita mtoto. Mama akaweka kidole juu ya hati. "Andika hapo Bi. Tarver," akamwambia. "Ndilo jina la mwenye ardhi, na ni ardhi unayoitaka." Karani aliikadiria kwa nusu ya thamani yake, na ikatosha. Mlitoka wote kumi na mmoja. Kama mmoja wenu angetoroka, tungelala barabarani. Mama alijua, na akasaini akiwa amesimama, kwa sababu hawakumpa kiti.

Baadaye alifariki bila wosia, kama watu wetu wengi, kwa kutowaamini wanasheria. Kwa hiyo shamba halijagawanywa. Ni letu sisi watatu pamoja: mimi, wewe, na Keyonna aliyebaki mahali pa Ruby Nell. Hakuna anayeweza kuliuza lote wala kuliweka dhamana bila saini tatu, ingawa kila mmoja anaweza kuuza fungu lake.

Mwaka jana uliniandikia kwamba kampuni ya mbao inalitaka, nikakujibu hapana. Ukaniandikia tena, nikakujibu tena hapana. Nilidhani yamekwisha. Wiki iliyopita, Jumatano, ulikwenda jela kumtembelea Keyonna. Alinisimulia kwenye simu yao ya kulipia kwa dakika, kwa hiyo alisimulia haraka, na mimi naandika kama alivyosema.

Ulimletea karatasi. Uliibandika kwenye kioo ili aione.

"Mjukuu wangu, weka saini hapa," ulimwambia. "Fungu lako la shamba, nakupa dola elfu mbili taslimu. Nafungua dhamana upya leo hii, bila ada. Jioni unakula kwako."

"Babu, umeibandika kichwa chini," alikwambia. Ukaigeuza. "Sasa isogeze, nisome."

"Kusoma kwa nini? Mimi nitakudanganya?"

"Wewe ndiye uliyenileta humu, Babu."

"Nilikuleta kwa sababu ya sheria. Hii ni familia."

"Basi familia imuulize Bibi Ozella kwanza."

Hapo ndipo uliposema kwamba Bibi Ozella amesahau hata harufu ya udongo ule.

Hollis, naujua udongo ule. Ni mwekundu mpaka kwenye kijito, na baada ya kijito ni mweusi. Najua mahali mizabibu mwitu inapoangukia uzio wa upande wa mashariki, na kwamba zabibu zake hupasuka mdomoni wiki ya mwisho ya Agosti, si kabla. Najua kisima cha zamani kiko hatua kumi na saba kutoka pembe ya nyumba iliyoungua. Niliondoka kwa sababu nilimwambia mzungu mwenye duka la mbegu kwamba hesabu yake ina kosa, na jamaa zake wakaja kumuuliza Mama niko wapi. Nilipanda basi nikiwa na miaka kumi na minane. Sikuondoka kwa kuchoka na udongo. Wewe ulibaki, na hilo ni deni ambalo nimelikiri siku zote, kwamba ulimzika Mama na mimi nilifika siku mbili baadaye. Lakini kubaki hakukupi ruhusa ya kununua fungu la mtoto kupitia kioo cha jela.

Basi haya ndiyo ninayokuomba. Nimelitumia neno "kuomba" kwa mara ya kwanza katika barua hii, na sitalirudia.

Ulipomrudisha, hakimu alipandisha dhamana mpaka elfu kumi na tano. Mfuko wa kanisa leo una elfu nne na mia moja. Mchungaji Althea amekwenda kwa karani, na karani amesema mahakama itapokea ardhi, kama wenye ardhi wote wakisaini mbele ya kamishna wa viapo. Keyonna amekwisha kusaini. Mimi nitasaini Jumatatu asubuhi, hapa benki ambako wanaye kamishna, na kukutumia karatasi pamoja na barua hii kwa posta ya haraka, uipate Jumanne. Iliyobaki ni saini yako.

Tarehe kumi na nane Machi, Jumanne, mahakama ya watoto itaamua Nyla akae wapi. Tangu umrudishe mama yake, idara ya watoto imemweka katika mji wa Mobile kwa watu asiowajua, na anasema na mama yake mara moja kwa wiki. Afisa wa watoto amekwisha kusema waziwazi kwamba mtoto hawezi kurudishwa kwa mama aliyeko rumande. Hajasema mama mwenye hatia, Hollis. Amesema aliyeko rumande. Keyonna akiwa nje kabla ya siku hiyo, anaishi kwa mchungaji, ana kitanda cha mtoto kimetandikwa, ana jambo la kumwonyesha hakimu. Akiwa ndani, hana.

Unaogopa atatoroka na shamba liende? Hebu fikiri. Mtu kama huyu anaweza kutorokea wapi, wakati mtoto wake yuko Mobile? Na kama unaogopa watu watasema mfanyabiashara wa dhamana ametoa dhamana bure, waache waseme. Watakuwa hawajakusema vizuri hivyo kwa miaka ishirini.

Sitaki unijibu kwa barua, wala kwa simu, wala kupitia kwa Lucille. Nenda kwa karani. Nitajua.

Nimechoka kwa leo. Nitamalizia Jumatatu nikirudi benki.

Jumatatu, 10 Machi, saa kumi alasiri.

Nilikwenda benki. Nilipanga foleni, nikasaini, binti wa dirishani akagonga muhuri, akanisifu mwandiko. Nilikuwa nikivua koti hapa mlangoni simu ilipolia. Alikuwa Mchungaji Althea. Alisema, "Mama Ozella, kaa chini kwanza." Nikamwambia nitakaa akishasema. Akasema Keyonna ametoka.

Nilifurahi, Hollis. Nakueleza ili ujue nilidhani nini. Nilidhani umelifanya bila kuombwa. Kwa muda wa pumzi mbili hivi ulikuwa ndugu yangu.

Kisha akaniambia ametokaje. Leo asubuhi walimleta mahakamani kwa jambo la kawaida, kupangiwa tarehe. Mwendesha mashtaka akamwambia wakili wake, yule wa kupewa na mahakama aliye na kesi arobaini kwa siku, kwamba akikiri wizi mdogo, zile siku thelathini na tano zitahesabiwa kuwa ndicho kifungo chake. Faini, na mwaka mmoja wa kuripoti kwa afisa. Saa tano yuko nje. Asipokiri, kesi ni Juni. Wakili alimpa dakika kumi za kufikiri. Mchungaji Althea alijaribu kumfikia, akazuiwa kwenye uzio wa mbao. Alimwonyesha kwa mikono, ngoja, ngoja. Keyonna akatikisa kichwa, akamwonyesha vidole vinane. Siku nane zimebaki mpaka tarehe kumi na nane.

Nimeongea naye mwenyewe baadaye, akiwa kwa mchungaji, anakula. Nilimsikia akitafuna.

"Bibi, usikasirike," alisema.

"Sijakukasirikia wewe."

"Cheti changu cha kuhudumia wazee kitafutwa. Mwenye rekodi ya wizi hapokelewi tena."

"Najua, mwanangu."

"Nitafagia. Nitakata kuku kiwandani. Lakini Nyla hawezi kungoja mpaka Juni, anasahau. Juzi kwenye simu aliniita kwa jina langu."

Halafu akasema, "Bibi, ile bangili sikuichukua. Hujaniuliza, najua huwa hamuulizi. Lakini nataka mtu mmoja ajue."

Nimemwambia najua. Sasa na wewe umeambiwa.

Kwa hiyo saini yako haihitajiki. Nilitaka kuichana barua hii, nikaona nikiichana utabaki unadhani mambo yamekwenda vizuri, kwamba msichana ametoka, siku zimepita, hakuna aliyeumia. Najua utasema hivyo. Utasema mfumo umefanya kazi. Nakutumia yote kama nilivyoandika, ili ulisome ombi ambalo ungeweza kulitimiza kwa kalamu moja na dakika tano.

Kuhusu fungu la Keyonna, ameandikisha leo hii mbele ya mwanasheria wa kanisa kwamba haliuzi. Nami siuzi. Kampuni ya mbao waambie hivyo, na usiniandikie tena juu yake.

Wasalimu wote. Msalimu wifi yangu Lucille, ambaye najua atakuwa ameifungua barua hii kabla yako. Lucille, sikulaumu, na maandazi yako ya Krismasi yalifika yakiwa mazima. Msalimu mwanao Curtis na mkewe Renata, na mzee Amos wa duka la kinyozi kama bado anaona. Ukipita makaburini, mwondolee Mama majani.

Mungu akupe afya, nami nasema hilo kwa dhati, maana nataka uishi miaka mingi na uikumbuke asubuhi ya leo. Mchungaji Althea ameniambia ulikuwepo. Ulikuwa umeketi benchi la nyuma, na kadi zako za biashara mkononi, unangoja watu wapangiwe dhamana. Ulimwona mjukuu wako akisimama na nguo za jela. Ulimsikia hakimu akimuuliza swali ambalo sheria inamlazimisha kumuuliza kila anayekiri: je, kuna mtu yeyote aliyekulazimisha kufanya hivi? Na ulimsikia mtoto akijibu, "Hapana, Mheshimiwa," kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, na wewe hukusimama.

Anayekupenda bado, kwa taabu,
dada yako,
Ozella Tarver.